"Baba, Wewe Utarudi Kwako Lini?"

Bi Somo, asalaam aleikum, na shikamoo.

Nakuandikia nikiwa Doha, juu ya kitanda cha ghorofa, chumba cha watu sita. Wenzangu wamelala. Kesho saa kumi na moja alfajiri nipande basi la kwenda karakana kule Sanaiya, mtaa wa viwanda, lakini usingizi umenikataa, wiki ya tatu sasa.

Mimi ni mtu wa Lamu, fundi wa kuchonga milango. Kazi nilifundishwa na mjomba wangu mtaa wa Langoni tangu nikiwa mtoto wa kufagia maranda. Nilioa mtaa wa Mkomani, na kama ilivyo ada yetu nikahamia kwa mke wangu. Wakwe zangu walitupa ghorofa ya juu ya nyumba yao. Tulikaa vizuri, sina baya la kusema juu yao, ni watu wa heshima.

Niliondoka Januari 2019. Binti yetu alikuwa na miaka mitano, mdogo wake wa kiume alikuwa na miezi minne, hajaota jino. Nilimwambia mke wangu ni miaka miwili tu. Mkataba wa kwanza ulipoisha tukasema tumalize deni la ajenti. Tena korona ilikuwa imeingia, Lamu hakuna mgeni, nani atanunua mlango? Nikatia saini tena. Kabla ya Kombe la Dunia la 2022 tulikuwa tunatengeneza mbao za hoteli usiku na mchana, ovataimu tele, nikaona ni ujinga kuondoka wakati mto umejaa. Nikatia saini ya tatu. Mkataba huu nao unaisha Januari inayokuja, na itakuwa miaka sita kamili.

Sasa nikueleze habari ya nyumba, maana ndiyo iliyoniletea haya. Wenzangu wa chumbani, Wakenya wa bara, walikuwa wakinitania: "Fundi, wewe ni mwanamume gani unalala kwa mkweo?" Tulicheka wote, lakini mzaha ule ulinikaa moyoni. Nikasema nami nitajenga. Mwaka wa 2020 kaka yangu akanipatia kiwanja huko Kashmiri, nje ya mji wa kale. Tangu hapo, katika shilingi 45,000 ninazotuma kila mwezi, 15,000 huenda kwa mke wangu na 30,000 huenda kwa kaka. Mawe yametoka Maweni, kisiwa cha Manda, yakavuka kwa mashua. Mchanga umepandishwa na punda, gunia baada ya gunia. Kila jiwe la nyumba ile nimeliona kwa simu. Leo ina vyumba vitatu, mabati yako juu, lipu ya ndani imekwisha. Kilichobaki ni mlango wa mbele. Kununua nimekataa, nataka niuchonge mwenyewe kwa mkono wangu. Pale kwa sasa pamezibwa kwa bati. Patasi zangu ziko sandukuni chini ya ngazi pale kwa wakwe, nilizipaka mafuta siku niliyoondoka.

Mwezi uliopita nikampigia mke wangu, nikamwambia ajiandae ahamie Kashmiri na watoto kabla ya Ramadhani, wafunge mwezi katika nyumba yao. Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Nihamie huko nikakae na nani?" Akaniambia mama yake ana kidonda cha kisukari mguuni na yeye ndiye anayekisafisha kila jioni, chuo cha Kurani cha watoto kiko mlango wa pili, na wateja wake wa mahamri wanamjua pale. Mwisho akasema, "Nyumba ni yako, hongera. Mimi nyumba ninayo."

Bi Somo, niliumia. Nilikuwa nimepanga nitakavyofurahiwa. Tangu siku hiyo tunazungumza habari ya karo tu. Mama yangu anasema mke wangu ameota mapembe. Kaka yangu anasema mke humfuata mume. Kuwaleta Doha siwezi, mshahara wangu wa msingi ni riali 1,200, na ovataimu hufika 1,800, haukaribii kiwango cha kuniruhusu kuleta familia. Karani wa ofisi anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi huu, nitie saini miaka miwili mingine au nisitie. Nafsi yangu yaniambia nitie tu, kwani narudi kufanya nini, nyumba yenyewe imekataliwa.

Na kuna moja ambalo sijamwambia mtu. Likizo yangu ya mwisho ilikuwa Idd kubwa ya 2023. Jioni moja nimekaa barazani na mwanangu wa kiume, namnunulia viazi karai, tunakula. Akaniangalia kwa adabu, kama anavyoangaliwa mgeni, akaniuliza, "Baba, wewe utarudi kwako lini?"

Nilimwambia Jumanne.

Nisaidie. Nimlazimishe mke wangu kuhama? Nitie saini? Ijumaa moja nilikwenda Souq Waqif, nikainua macho nikaona dari la boriti za mikoko, kama la nyumba za kwetu, nikalia mbele za watu.

Fundi wa Milango, Doha

*

Mwanangu, waaleikum salaam, na marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona mawe, mchanga na mabati. Mara ya pili nikahesabu ni mara ngapi mke wako amesema ndani yake. Amesema mara moja, na aliponyamaza kabla ya kusema, wewe ukadhani simu imekatika.

Nianze na swali jepesi. Kumlazimisha? La. Ukitaka hukumu ya nani anamfuata nani, mahakama ya kadhi ipo hapo hapo Lamu, nenda. Kadhi atakupa hukumu, lakini hatakuja kukuamshia mkeo daku. Na kaka yako anayesema mke humfuata mume, muulize amfuate wapi? Wewe uko Doha. Unachomtaka afuate ni mabati.

Swali gumu umelifunika chini ya lile jepesi, nami nitalifunua.

Babu yangu mzaa mama alikuwa baharia wa jahazi. Alikwenda Arabuni na pepo za kusi, jahazi limejaa boriti, akirudi na pepo za kaskazi, ameleta tende na samaki wa chumvi. Nyumba nyingi za kale huko Ghuba ziliezekwa kwa boriti zilizotoka mikokoni huku kwetu, kwa hiyo machozi yako pale sokoni sikuyashangaa, huenda uliliona jasho la watu wako limekaa juu ya vichwa vya watu. Basi babu alikuwa haonekani miezi mingi kila mwaka. Na bibi yangu miezi hiyo alikaa wapi? Alikaa kwa mamaye, ghorofa ya juu, na nyumba ya pili ilikuwa ya mama mdogo, na katikati yake palikuwa na wikio, lile daraja la juu linalovuka kichochoro kutoka nyumba hadi nyumba. Mtoto akishikwa na homa usiku, wanawake watatu wako macho kabla taa ya pili haijawashwa. Hakuna aliyetia buibui, hakuna aliyeshuka njiani.

Wasomi wameandika mengi kwa nini Lamu baba humpa binti nyumba na mume ndiye anayehamia. Mimi si msomi, ila nikiitazama ada ile naona ni akili ya watu waliojua kwamba wanaume wao watakuwa baharini. Mume huondoka, mke habaki peke yake. Ada hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya mtu kama wewe hasa, mwanangu, na wewe ndiye unayetaka kuivunja kwa sababu ya mzaha wa vijana watano chumbani.

Sikuwalaumu vijana hao. Kwao mwanamume hujenga boma lake na mke huja, na wakikutania wanakutania kwa ada yao. Lakini wewe ulipaswa kucheka na kuwaeleza kwenu kukoje. Badala yake umejenga nyumba ya kuwajibu. Umetumia miaka minne, na thuluthi mbili za kila unachotuma, kujibu mzaha ambao waliousema pengine wameshausahau. Hivi mmoja wao amewahi kukuuliza nyumba imefikia wapi?

Sasa sikiliza alichosema mkeo, maana naona umesikia sehemu ya mwisho tu, ile ya "mimi nyumba ninayo", kwa kuwa ndiyo iliyochoma. Kabla ya hapo alikuuliza swali. "Nikakae na nani?" Hilo lilikuwa swali la kweli, lina jibu, na jibu ni neno moja, lakini hukulisema kwa sababu ungelisema ungekuwa umejifunga kurudi. Angesikia "na mimi, kuanzia Februari," naapa mazungumzo yale yangekwenda njia nyingine. Pengine bado asingehama, kwa sababu ya mguu wa mamaye. Lakini mngekuwa mnazungumza habari ya mguu, si habari ya mapembe.

Mwambie mama yako kwa heshima kwamba mwanamke anayesafisha kidonda cha kisukari kila jioni, akaamka kabla ya alfajiri kukaanga mahamri, na akalea watoto wawili miaka sita kwa shilingi 15,000 na faida ya mahamri, hana nafasi ya kuota mapembe. Kidonda kile ukikiacha siku tatu mguu unakwenda. Wewe unajua, wangapi mjini kwetu tumewaona wamekatwa.

Inasimuliwa kwamba Sayyidna Umar, usiku mmoja akizunguka Madina, alimsikia mwanamke akiimba upweke wake, mume yuko vitani. Asubuhi akamwendea binti yake Hafsa, akamuuliza mwanamke huweza kustahimili muda gani bila mumewe. Akajibiwa miezi minne au sita, naye akaweka mpaka kwa askari wake. Masheikh wetu husimulia kisa hiki kwa ajili ya ile hesabu ya miezi, na hesabu hiyo wewe umeshaipita zamani, sitaki kukutia simanzi zaidi. Mimi hunishika pale mwanzo. Umar alikuwa amiri wa waumini na alikwenda kuuliza. Wewe ulinunua kiwanja, ukachora vyumba, ukachagua bati, na ulipompigia mkeo ulikuwa unampa tarehe ya kuhama.

Na mkeo naye ana lake. Najua wanawake wa Lamu wanasoma safu hii wakikanda unga, basi kama yumo aliye na mume mbali anayejenga, na nyumba yenyewe haitaki, naye kila akioneshwa picha ya ukuta anasema "mashaallah" tu, huyo amekosea. Miaka minne ya mashaallah ni mingi. Alikuwa na haki ya kusema mapema, kabla ya lipu. Nadhani alinyamaza kwa sababu nyumba ilikuwa ndiyo furaha pekee aliyoisikia kwenye sauti yako, akaogopa kuizima. Hilo nalikisia. Wewe muulize, na ukimuuliza umwache amalize.

Tuje kwenye saini. Unasema unarudi kufanya nini. Nimekutengenezea hesabu ambayo sioni kama umeifanya, maana katika barua nzima hukutaja kiinua mgongo hata mara moja, na hivyo ndivyo walivyo vijana wengi wanaotuandikia kutoka huko: riali ya ovataimu wanaijua mpaka dirhamu ya mwisho, haki yao ya kuondokea hawaijui.

Sheria ya kazi ya Qatar ya mwaka 2004 inasema mfanyakazi aliyetimiza mwaka mmoja au zaidi ana haki ya kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa wiki tatu kwa kila mwaka aliofanya kazi. Wewe una miaka sita, hizo ni wiki kumi na nane. Kwa msingi wa riali 1,200 inakuja kama riali 5,000, ambazo kwa bei ya leo ni zaidi ya shilingi 170,000. Ovataimu haihesabiwi humo, usidanganyike kuihesabu. Tikiti ya kurudi nyumbani mwisho wa mkataba ni juu ya mwajiri. Siku za likizo ambazo hukuzichukua hulipwa, na aliyepita miaka mitano anastahili wiki nne kwa mwaka, siyo tatu. Mkataba wako una mwisho, kwa hiyo njia safi ni kutoufufua tu. Lakini ikiwa utatia saini kisha moyo ukageuka, ujue aliyefanya kazi zaidi ya miaka miwili anatakiwa kutoa notisi ya miezi miwili. Mwambie karani kwa maandishi, weka nakala, na ukiona wanazungushazungusha, ubalozi wetu upo Doha, na wizara ya kazi ya huko inapokea malalamiko. Usitie kidole kwenye karatasi inayosema umelipwa kila kitu kabla hujalipwa.

Shilingi 170,000 si mali ya kustaafia, najua. Lakini fundi anayejua kuchonga mlango wa Lamu, aliyefanya miaka sita kwenye mashine za kisasa, anajua kupanga kazi ya hoteli nzima na kumaliza kwa tarehe, huyo siyo yule kijana aliyeondoka 2019 akisubiri mgeni apite njia kuu. Nyumba za kijiji cha Shela zinajengwa na kukarabatiwa kila mwaka, na milango ya kuchonga inaagizwa kutoka Lamu kwenda Mombasa na Nairobi. Tangu sasa, ukiwa bado una mshahara, piga simu kwa mjomba wako wa Langoni, kama yu hai Mungu amzidishie, muulize oda zikoje, mbao zinapatikana kwa bei gani, na nani mjini ana mashine anayokodisha. Ukipata majibu mabaya, utie saini kwa macho mawili, tena uombe mwaka mmoja, na tarehe ya kurudi aijue mkeo kabla ya karani. Sikukatazi kabisa kutia saini. Nakukataza kutia saini kwa hasira, ukijiambia nyumba imekataliwa. Miaka miwili ya hasira ina siku mia saba na thelathini, na mtoto wako akizimaliza atakuwa na miaka minane.

Nyumba ya Kashmiri usiiuze na usiichukie. Ipangishe. Walimu na wafanyakazi wanaoletwa kazini Lamu kutoka sehemu nyingine wanatafuta vyumba, ulizia kodi ikoje mtaa huo. Itiwe mlango wa kawaida wa mbao, wa dukani, ndiyo, najua unaumia, lakini bati halipangishi nyumba. Kodi itamlipa mama yako kitu na mkeo kitu. Siku ya mbele wakwe zako wakiwa wametangulia mbele ya haki, au binti yako akiwa tayari kuolewa, mtaona. Binti yako ana miaka kumi na moja, na wewe ni mtu wa Lamu: baba anayemjengea binti yake nyumba hakuna anayemcheka, hata chumbani kwenu.

Nikiwa hapo, neno moja kuhusu kaka. Simtuhumu. Lakini kiwanja kimeandikwa jina la nani? Umesema "akanipatia", na neno hilo limenikosesha raha. Lamu tunajua matatizo ya ardhi yalivyo, vipande vingi havina hati, vinauzwa kwa karatasi ya makubaliano na mashahidi wawili. Mwambie akutumie picha ya karatasi hiyo wiki hii. Kama ina jina lake, muiandike upya kwa wakili mkiwa bado mnapendana. Ndugu wamegombana kwa kiwanja kidogo kuliko hicho.

Sasa mtoto.

Umeandika kwamba unampigia mkeo, na mnazungumza nyumba, na sasa mnazungumza karo. Mwanao humo yuko wapi? Doha na Lamu saa ni moja, mwanangu. Wenzako wa Marekani wanalia kwamba wakitoka kazini huku kumelala. Wewe huna kisingizio hicho. Saa kumi na moja alfajiri huko ni saa kumi na moja alfajiri Mkomani, na mkeo yuko kwenye karai na mtoto yuko kando yake anasubiri hamri la kwanza. Wewe wakati huo uko ndani ya basi huna la kufanya. Piga hapo. Dakika tano. Usimuulize "unasoma vizuri?", maana hilo ni swali la wageni wote, naye anajua jibu la wageni: "ndiyo". Muulize nani leo kachapwa chuoni. Muulize punda wa jirani amezaa? Akikuambia jambo leo, kesho umuulize lilivyoishia. Mtoto humjua aliye wake kwa hilo, kwamba anakumbuka jana.

Swali lake lile barazani limekukata, na mimi lilinikata nilipolisoma. Lakini hebu litazame tena. Hakukuuliza utaondoka lini. Mtoto wa miaka minne na ushei alikuwa ameona kwamba watu wote anaowajua wana kwao, akataka kujua na wewe kwako ni wapi. Hukumjibu. Ulimpa siku ya wiki. Bado anasubiri, na ana miaka sita sasa, umri wa kuweza kuambiwa.

Usianze na mkeo kesho, mwache kwanza apumue, mtumie neno moja tu la kumuuliza mguu wa mama unaendeleaje, na ongeza hela ya dawa na bandeji bila kuitangaza. Ile 30,000 ya nyumba mwezi huu igeuze, yeye ndiye aamue inakwenda wapi. Ijumaa ukiwa huna kazi, baada ya alasiri, mtoto akishatoka shule, ndipo umpigie umuulize lile ulilopaswa kumuuliza 2020: angependa muishi vipi, na wapi, na wewe ukiwemo. Halafu nyamaza. Akinyamaza naye, simu haijakatika.

Na kabla ya hiyo Ijumaa, kesho asubuhi ndani ya basi, zungumza na mwanao. Mwambie chini ya ngazi kuna sanduku lako. Mwombe alivute, afungue, achukue kitambaa, azipanguse patasi moja moja akikuhesabia kwa sauti. Wewe unajua uliacha ngapi. Akikosea, mwambie arudie.

Bi Somo